Kabla Hujachanganya Mitishamba na Kemo

Familia inapopata habari kwamba mama ana saratani ya mlango wa kizazi na kwamba atatibiwa kwa mionzi na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ushauri huanza kumiminika siku hiyohiyo. Shangazi huleta asali na habasoda. Jirani husisitiza manjano na pilipili manga. Mwingine ana unga wa mlonge, mwingine majani ya mstafeli. Na kwenye simu huingia sauti ya mtu asiyefahamika ikisema kwamba wanasayansi wamethibitisha: manjano yanaua seli za saratani ya mlango wa kizazi, tena yakichanganywa na dawa ya hospitali yanaiongezea nguvu.

Ujumbe huo una ukweli ndani yake, ndiyo maana haupuuziki kirahisi. Zipo tafiti za kweli, zilizofanywa na watu makini, zinazoonyesha kwamba viambato vya baadhi ya mimea husaidiana na dawa za kemo kuua seli za saratani hii katika maabara. Tatizo ni kwamba msambazaji wa ujumbe huishia hapo, na hapo ndipo safari ya mgonjwa inapoanza. Mgonjwa ana figo mbili, ini moja, damu inayopanda na kushuka, na ratiba ya matibabu ambayo haitakiwi kukatika.

Makala haya ni ya mgonjwa huyo na ya wale wanaomuuguza. Msimamo wangu nautoa mapema. Viungo vya jikoni endelea kuvila kwa kiasi kinachoingia kwenye mchuzi. Matibabu ya hospitali yakamilishe kwa ratiba. Kitu kingine chochote, kiwe kidonge, unga, mafuta au maji ya mizizi, usikimeze mpaka wanaokutibu wakijue na wakikubali.

Wanasayansi waliona nini hasa

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha HPV. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani. Aliyeufumbua uhusiano huo ni Harald zur Hausen wa Ujerumani, akatunukiwa Nobeli mwaka 2008. Kirusi kikishajipenyeza ndani ya seli na kukaa miaka mingi, hutengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazowaondoa kazini walinzi wa seli. E6 huivunja protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife. E7 humfunga mlinzi mwingine. Seli ikibaki bila walinzi huendelea kugawanyika bila breki.

Dawa kuu ya kemo kwa saratani hii ni sisplatini. Ndani yake mna madini ya platinamu yanayojipachika kwenye vinasaba vya seli na kuizuia isigawanyike. Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, ndiye aliyegundua uwezo wake mwaka 1965 alipokuwa akichunguza bakteria na umeme, na dawa ikaidhinishwa nchini humo mwaka 1978. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari kwamba kuongeza sisplatini kwenye mionzi hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hii kwa asilimia 30 hadi 50. Tangu hapo mionzi na sisplatini ya kila wiki ndiyo tiba ya wanawake wengi ambao saratani yao imeenea kiasi cha kutofaa kufanyiwa upasuaji.

Lakini sisplatini ina makali yake. Huumiza figo, huleta kichefuchefu, huweza kupunguza usikivu wa masikio na kutia ganzi vidole. Isitoshe, baadhi ya seli za saratani hujifunza kuishi nayo: huisukuma nje, hukarabati vinasaba vilivyoharibiwa, au huifunga kabla haijafika kwenye shabaha. Ndiyo maana watafiti wanatafuta mwenzake wa kuisaidia, na wengi wameelekea kwenye mimea: kurkumini ya manjano, timokwinoni ya habasoda, viambato vya tangawizi, vya chai ya kijani, vya vitunguu na vya zabibu.

Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Thiruvananthapuram, kusini mwa India, walionyesha kwamba kurkumini huzifanya seli za saratani ya mlango wa kizazi zidhurike kirahisi zaidi na dawa ya paklitakseli, na kwamba hupunguza utengenezaji wa E6 na E7. Ugunduzi wa namna hii hupimwa kwa hesabu iliyowekwa na Ting-Chao Chou na Paul Talalay mwaka 1984. Jibu likiwa chini ya 1, dawa mbili zinasaidiana. Likiwa 1, kila moja inafanya kazi yake tu. Likizidi 1, zinapingana. Msomaji akumbuke jambo moja kuhusu hesabu hiyo: dawa zilezile mbili zinaweza kusaidiana katika kiasi fulani na kupingana katika kiasi kingine. Kubadilisha ipi itangulie na ipi ifuate kunaweza kuyageuza matokeo.

Safari ya kutoka kwenye sahani hadi mwilini

Sehemu kubwa ya majaribio haya hufanywa kwa seli zinazoitwa HeLa. Zilitoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1951. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na hadi leo zinaendelea kuzaliana katika maabara za dunia nzima. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba mmea fulani umeua seli za saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi maana yake ni kwamba uliziua seli za mama huyo ndani ya sahani ya plastiki.

Kumshika samaki ndani ya beseni hakufanani na kumvua baharini. Katika sahani, kiambato humwagwa moja kwa moja juu ya seli, kwa kiasi anachotaka mtafiti, na hakuna pa kukimbilia. Katika mwili, kiambato hichohicho lazima kipite tumboni, kipenye ukuta wa utumbo, kivuke ini linalokivunjavunja, kisambae katika lita kadhaa za damu, ndipo masalia yake yafike kwenye uvimbe.

Chukua manjano. Katika unga wa manjano, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito. Mwaka 2001 watafiti wa Taiwan walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa 25 kurkumini halisi, wakipanda hadi gramu 8 kwa siku. Ili mtu apate gramu 8 za kurkumini kwa kula unga wa jikoni, ingembidi ale zaidi ya robo kilo ya manjano kila siku. Na hata waliofikia gramu hizo 8, kiasi kilichoonekana katika damu yao kilikuwa kidogo mno kuliko kile kinachotumika kuua seli katika sahani nyingi za maabara. Wanne kati ya wagonjwa hao walikuwa na dalili za awali katika mlango wa kizazi, kabla ya saratani yenyewe, na mmoja wao alionyesha nafuu. Huwezi kujenga tiba juu ya mtu mmoja, hasa kwa kuwa dalili hizo za awali zinaweza pia kupungua zenyewe.

Kuna upande mwingine ambao ujumbe wa simu hausemi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichanganya kurkumini na dawa za kemo katika seli za saratani ya matiti, wakaona kurkumini inazizuia dawa hizo kuua seli. Waliwalisha panya chakula chenye kurkumini, nako dawa ya saratani ikapungua nguvu. Moja ya dawa walizojaribu ni kamptotesini, mzazi wa topotekani inayotumika kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kiungo kilekile kilichosaidia dawa moja kilizuia dawa nyingine. Mgonjwa anayejichanganyia nyumbani hana njia ya kujua yuko upande upi.

Mimea iliyofaulu mtihani

Nisieleweke kwamba naidharau mimea. Dawa kadhaa za kemo zinazoning'inia leo kwenye dripu za wodi za saratani zilitoka kwenye miti. Paklitakseli ilitoka kwenye gamba la mti wa Taxus brevifolia wa magharibi mwa Marekani. Topotekani ilitengenezwa kutokana na kiambato cha mti wa Kichina, Camptotheca acuminata, na mwaka 2006 iliidhinishwa Marekani itumike pamoja na sisplatini kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au kusambaa. Vinkristini na vinblastini zinatoka kwenye ua la vinka lenye asili ya Madagaska, ambalo hupandwa kama pambo katika nyua nyingi za pwani yetu.

Angalia njia ambayo mimea hiyo ilipita. Gamba la mti uliotoa paklitakseli lilikusanywa mwaka 1962. Monroe Wall, Mansukh Wani na wenzao walichapisha muundo wa kiambato chake mwaka 1971. Idhini ya kwanza, kwa saratani ya ovari, ilipatikana mwaka 1992. Ni miaka 30 ya kutenga sumu na dawa, kupima kiasi, kujifunza namna ya kuiyeyusha ili iingie kwenye mshipa, na kuhesabu waliopona na waliodhurika. Mtu aliyechemsha gamba la mti huo na kunywa maji yake angeweza kudhurika, kwa kuwa mti una sumu ya moyo. Vivyo hivyo ua la vinka: majani yake yakichemshwa hayawi sindano ya vinkristini, yanabaki sumu isiyo na kipimo.

Matunda ya subira hiyo tunayaona sasa. Jaribio liitwalo INTERLACE, lililochapishwa mwaka 2024, lilihusisha wanawake 500 katika hospitali za Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu yao walianza kwa wiki sita za paklitakseli na kaboplatini, ndugu wa sisplatini, kabla ya mionzi na sisplatini ya kawaida. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya waliopata dawa hizo za mwanzo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya wenzao. Huo ndio mchanganyiko wa kiambato cha mti na dawa ya platinamu uliothibitika kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na unatolewa hospitalini. Kurkumini, timokwinoni na wenzao bado hawajavuka hatua hiyo, na miongozo ya tiba ya saratani hii haiwaorodheshi kama dawa.

Hatari zinapojificha

Hatari ya kwanza iko kwenye figo. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua huweza kuibana mirija inayopeleka mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu, kwa hiyo wanawake wengine huanza kemo figo zao zikiwa tayari zimeelemewa. Sisplatini nayo huzibebesha mzigo wake, ndiyo sababu wauguzi hutundika maji mengi ya dripu na kupima kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kumwongezea mtu huyo mizizi isiyojulikana ni kumhatarisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo kwa wingi, na kosa lilikuwa mmea mmoja wenye sumu uliochanganyika na mingine. Kuwa wa asili hakukuwasaidia.

Hatari ya pili iko kwenye ini. Piperini ya pilipili manga huzuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja vitu tunavyomeza. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba miligramu 20 tu za piperini huongeza takriban mara 20 kiasi cha kurkumini kinachoingia katika damu. Wauzaji wa vidonge huitangaza sifa hiyo. Hawasemi kwamba baadhi ya vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoiondoa paklitakseli mwilini. Daktari amekokotoa dozi akitegemea ini lifanye kazi yake; likizuiwa, dozi salama inaweza kugeuka kubwa mno. Vidonge vyenyewe vya manjano havikosi lawama: mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza kundi la watu waliougua homa ya ini baada ya kuvitumia.

Hatari ya tatu ni kuilinda saratani bila kukusudia. Virutubisho vingi husifiwa kwamba huzuia uharibifu wa seli. Lakini kemo na mionzi vinafanya kazi kwa kuharibu, na kirutubisho hakina macho ya kutofautisha seli ya afya na ya saratani. Utafiti wa Marekani uliotoka mwisho wa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti. Waliotumia vidonge vya aina hiyo kabla ya kemo na wakati wa kemo walielekea kurudiwa na saratani zaidi ya wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha, na ulihusu saratani nyingine, lakini unatosha kumfanya mtu aweke chupa chini kwanza akaulize.

Hatari ya nne ni dawa zinazouzwa kwa jina la tumaini. Kile kiitwacho vitamini B17, kitokanacho na kokwa za aprikoti, kilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178 wa saratani mbalimbali na matokeo yakatoka mwaka 1982: hakikuponya, hakikupunguza uvimbe, na baadhi yao walionekana na sayanaidi katika damu kwa kiasi cha kutisha. Majani ya mstafeli nayo yanasifiwa mno. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, waliuhusisha ulaji mwingi wa tunda hilo na unywaji wa chai ya majani yake na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Tunda moja la stafeli halikudhuru. Mtungi wa majani yaliyochemshwa kila siku ni habari nyingine.

Ufanyeje basi

Kwanza, kabla ya dozi ya kwanza, kusanya kila unachotumia katika mfuko mmoja: vidonge, unga, mafuta, chupa za asali iliyochanganywa, mizizi, na dawa za kawaida ulizonunua duka la dawa. Nenda navyo kliniki. Kama hujui jina la mmea, peleka mmea wenyewe. Andika umetumia kiasi gani na tangu lini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na anayeficha dawa anazokunywa yuko katika hatari hiyohiyo.

Pili, tenganisha chakula na dawa. Manjano kwenye pilau, tangawizi kwenye chai, kitunguu saumu kwenye mboga, hivyo ni chakula. Vikishawekwa kwenye kidonge, vikikamuliwa kuwa mafuta au vikilambwa kwa vijiko asubuhi na jioni, vimekuwa dawa, na dawa huulizwa daktari. Kwa balungi kuwa mwangalifu zaidi, kwani hata tunda lenyewe huzuia vimeng'enya vya dawa nyingi. Muulize mfamasia kabla ya kulila.

Tatu, kwa kichefuchefu anza na dawa uliyopewa. Tangawizi imejaribiwa kwa uzito: mwaka 2012 utafiti wa Marekani wa wagonjwa 576 ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja kwa siku hupunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza, lakini wote walikuwa pia wakitumia dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika. Jaribio la Italia la mwaka 2017, lililowahusu wanaotumia sisplatini ya dozi kubwa, halikuona faida hiyo. Kunywa chai yako ya tangawizi kama inakutuliza, na usiache dawa ya kuzuia kutapika uliyopewa, kama ondansetroni, kwa ajili yake.

Nne, zilinde figo. Kunywa maji kama ulivyoelekezwa. Ukitapika mfululizo, ukiharisha, au mkojo ukipungua, rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, kwa sababu nazo huumiza figo zilizobeba sisplatini. Omba dawa nyingine ya maumivu.

Tano, homa ikifika nyuzi joto 38, nenda hospitali usiku huohuo. Kemo hupunguza seli nyeupe za kinga, na maambukizi madogo huweza kuua kwa haraka. Kwa sababu hiyohiyo epuka juisi za majani mabichi yasiyooshwa vizuri na maji ya mitishamba yaliyokaa siku kadhaa kwenye chupa. Usiweke kitu chochote ukeni, iwe majani, kitunguu saumu, unga au mvuke wa dawa. Nyama ya pale imeshajeruhiwa na saratani na mionzi. Utaongeza kidonda, damu na maambukizi.

Sita, usikatishe ratiba. Mionzi ya nje, mionzi ya ndani na kemo vinatakiwa kumalizika katika wiki nane hivi. Muda ukirefuka, nafasi ya kupona hupungua. Mwanamke anayesimamisha matibabu wiki tatu ili ajaribu dawa ya mizizi amempa uvimbe muda wa kukua. Kama kinachokukwamisha ni nauli, malazi au chakula, mwombe muuguzi akupeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali kubwa za saratani, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au Kenyatta jijini Nairobi, huwapokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na ombi kama hilo haliwashangazi.

Saba, kula ushibe. Samaki, dagaa, mayai, maharage, njegere, mboga za majani zilizopikwa, uji mzito. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa wagonjwa hawa kwa kuwa wengi wametokwa na damu kwa miezi, na mionzi hufanya kazi vyema zaidi damu ikiwa ya kutosha. Usikubali ushauri wa kufunga siku nyingi ili kuinyima saratani chakula, kwa kuwa anayekonda ni wewe.

Nane, kama unaishi na VVU, usiache dawa zako za kufubaza virusi. Wanawake wenye VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii, na kinga iliyotulia ni sehemu ya matibabu. Mitishamba huingiliana na dawa hizo pia. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya VVU, katika damu ya watu waliojitolea.

Maswali ya kumuuliza anayekuuzia

Anayekuletea dawa muulize maswali manne. Imejaribiwa kwa binadamu wenye saratani ya mlango wa kizazi, au kwa seli na panya? Kwa kiasi gani? Pamoja na dawa zipi za kemo? Na nikidhurika, nani atanihudumia? Anayejibu kwamba inatibu saratani zote pamoja na kisukari, presha na ugumba, amekwishakujibu. Anayekutaka uache hospitali kwanza, achana naye.

Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, na Muhimbili ina taasisi inayochunguza dawa za asili. Ni hatua njema. Lakini mganga kusajiliwa hakuthibitishi kwamba kila chupa yake inatibu saratani, na mganga mwaminifu atakuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Kwa wanaouguza na wanaotibu

Ndugu wanaoleta chupa huleta upendo. Usiwafokee. Mwambie shangazi, kwa heshima, kwamba zawadi yake imepokelewa na itaonyeshwa kwa daktari kabla ya kutumika, kisha mwombe kazi yenye faida ya hakika: kumsindikiza mgonjwa kliniki, kumpikia, kukaa na watoto, kuchangia nauli.

Madaktari na wauguzi, nanyi nawaomba. Mgonjwa akikiri kwamba anakunywa mizizi, msimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho ataficha, na figo zitakaposhindwa mtakuwa mkitafuta sababu gizani. Kumbukeni mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa cha bei nafuu na kilitolewa kwa maneno ya faraja. Hospitali inaweza kujifunza kutokana na hilo bila kuacha sayansi yake. Ulizeni kila mgonjwa, kwa upole, kila wiki: mama, kuna kitu kingine unatumia nyumbani?

Mahali ambapo ushindi upo tayari

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake 660,000 walipata saratani hii na 350,000 walikufa, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Hii ni saratani inayozuilika. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Uchunguzi wa mlango wa kizazi unaweza kufanywa kwa siki maalumu katika kituo cha afya, na dalili za awali zikaondolewa kabla hazijawa saratani. Wanawake wanashauriwa kuanza uchunguzi wakiwa na miaka 30, na wenye VVU wakiwa na miaka 25.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unaguswa na ugonjwa huu, fanya mambo mawili wiki hii. Kama unauguza, beba mfuko wa dawa zote za nyumbani uende nao kliniki. Kama hujaugua, nenda kachunguzwe, umpeleke na binti yako akachanjwe. Watafiti waendelee kuitafuta dawa ndani ya manjano na habasoda, na siku itakapothibitika kwa wanawake kama sisi, tutaipokea kwa mikono miwili kutoka kwa muuguzi, ikiwa na jina, kipimo na ratiba. Kabla ya siku hiyo, maliza matibabu uliyopewa na usinywe chochote kwa siri.